Wazungumzaji ni wale wale: jinsi ya kuufufua mkutano wa madevelopa

SWALI: Sisi ni kundi la madevelopa, yaani waandishi wa programu za kompyuta, hapa Mwanza. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi kwenye ukumbi tunaoazimwa na chuo. Mwanzoni tulikuwa tunajaa, sasa tumebaki wachache. Wanaotoa mada ni wale wale watatu, na kila mmoja anachukua saa nzima. Nikiomba wengine wajitolee, kundi la WhatsApp linakaa kimya. Nifanye nini? Na hao watatu nitawaambiaje bila kuwavunja moyo?

JIBU: Ndugu yangu, hao watatu si tatizo. Bila wao kundi lenu lingekuwa limeshakufa zamani. Tatizo ni hiyo saa nzima. Kijana anayekaa viti vya nyuma, aliyeanza kuandika programu mwaka jana, akiona mada ya saa nzima yenye slaidi 50 anajiambia kimoyomoyo, "Hili mimi siliwezi." Na ni kweli, bado haliwezi. Ukiomba watu wajitolee, wao wanasikia kwamba unawataka wajaze saa nzima mbele ya wakubwa zao wa kazi. Ndiyo maana kundi linanyamaza. Ushauri wangu ni huu: kila mada iwe ya dakika tano, wazungumze watu wengi kwa siku moja, na huo muda ulindwe kwa kila mtu bila upendeleo. Mengine yote nitakayokueleza yanatokana na hilo.

Utaratibu huu una historia yake. Mwezi Juni 2000 watumiaji wa Perl, mojawapo ya lugha za kuandikia programu, walikutana Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, Marekani. Mkutano wao waliuita YAPC 19100 (YAPC ni kifupi cha Yet Another Perl Conference, yaani mkutano mwingine tena wa Perl), kwa kuitania hitilafu iliyokuwa imezagaa wakati ule: programu nyingi zilihesabu miaka tangu 1900 na kubandika "19" mbele, hivyo mwaka 2000 ulipofika zikaandika 19100. Kwenye mkutano huo mmoja wao, Mark Jason Dominus, alipanga kipindi cha mada za dakika tano tano, zilizokuja kujulikana kama mada za radi. Hoja zake zilikuwa nyepesi kueleweka. Mtu ambaye hajawahi kuzungumza anahitaji pa kuanzia padogo. Slaidi si lazima, na akizitaka, tatu zinatosha. Tena mada ikiwa haina ladha, haichukui muda, anasimama mwingine. Jamii za Python na lugha nyingine zikaupokea utaratibu huo, na leo mikutano yao mingi ina kipindi cha namna hiyo.

Piga hesabu uone. Mada 12 za dakika tano, na dakika moja ya kupishana kati ya moja na nyingine, zinakula saa moja na dakika kama 11. Katika muda ambao mmezoea kumsikiliza mtu mmoja na maswali yake, mtakuwa mmesikiliza watu 12. Na kila aliyezungumza mwezi huu mwezi ujao atarudi, kwa sababu sasa kuna watu wanaomfahamu kwa jambo fulani. "Wewe ndiye uliyeeleza habari za malipo," wataanza hivyo, na mazungumzo yatasonga. Hiyo ndiyo gundi inayolishika kundi. Fulana na stika za wadhamini watu wanazipenda, lakini hazimtoi mtu nyumbani kwake Nyegezi au Igoma Jumamosi asubuhi.

Kwa kuanzia msitafute 12. Sita wanatosha kabisa.

Utasikia kuna mitindo mingine ya mada fupi. Mwaka 2003, Tokyo, wasanifu majengo Astrid Klein na Mark Dytham walianzisha PechaKucha: slaidi 20, kila moja sekunde 20, zinabadilika zenyewe, jumla dakika 6 na sekunde 40. Mwaka 2006, Seattle, ikazaliwa Ignite: slaidi 20 za sekunde 15 kila moja, jumla dakika tano kamili. Ni mitindo mizuri kwa wasanifu na wasimulizi waliokwisha kuzoea jukwaa. Kwa developa anayesimama mara ya kwanza siipendekezi. Msimbo, yaani maandishi ya programu, unahitaji kusomwa kwa utulivu. Mtu anapoonyesha mistari minne ya programu, ukumbi lazima upate nafasi ya kuisoma, na yeye apate nafasi ya kurudi nyuma akisema, "Angalieni hapa." Slaidi ikimkimbia, hofu inamzidi na maneno yanampotea. Mpeni dakika tano zake azitumie apendavyo.

Sasa tuje kwenye kuwapata wazungumzaji, maana hapa ndipo makundi mengi yanapokwama. Acha kabisa kuandika kwenye kundi, "Nani atatoa mada mwezi huu?" Swali lililoulizwa watu 200 halijaulizwa mtu yeyote. Mtafute mtu mmoja mmoja, kwa simu au kwa ujumbe wake binafsi, na umpe jambo mahususi. Usimwambie atoe mada kuhusu hifadhidata. Mwambie, "Juzi ulisema ripoti yenu ilikuwa inachukua dakika nzima kufunguka, sasa inachukua sekunde mbili. Njoo utueleze ulichobadilisha. Dakika tano tu, mimi nitakaa na wewe siku moja kabla tuipitie." Hapo umemwondolea mambo matatu yanayomtisha: hajui azungumze nini, anadhani anachokijua ni kidogo mno, na anaogopa kuaibika peke yake.

Ili uweze kumwambia mtu hivyo, lazima uwe unasikiliza. Pitia mazungumzo ya kundi lenu. Kila anayeuliza swali akaja baadaye kuandika "nimeshalitatua" ana mada ya dakika tano mkononi. Aliyehamisha tovuti ya duka la mjomba wake kutoka seva moja (kompyuta inayoihifadhi tovuti) hadi nyingine ana mada. Aliyefanya usaili wa kazi akakwama kwenye swali fulani naye ana mada. Mtu ambaye hakulijua jambo, akatumia mwezi mzima kujifunza jambo hilo, huyo mara nyingi anaeleza vizuri kuliko bingwa, kwa sababu bado anakumbuka pale palipomsumbua. Bingwa ameshapasahau.

Na mruhusuni mtu azungumze Kiswahili. Tangazeni hivyo waziwazi kwenye mwaliko, kisha mshereheshaji aanze kwa Kiswahili ili watu waone ni kweli. Nimewaona vijana hodari wakisimama na kuanza kutafuta maneno ya Kiingereza, muda unakwisha bila wao kufika kwenye jambo lenyewe, kumbe wangelieleza kwa Kiswahili wangelimaliza na kubakiza dakika. Majina ya vitu yabaki kama tunavyoyatumia kazini, hakuna atakayelalamika.

Mada yenyewe ya dakika tano inakaaje? Nikupe mfano mmoja kwa urefu, maana kusema "iwe fupi" peke yake hakumsaidii mtu. Chukua developa aliyetengeneza mfumo wa duka unaopokea malipo kwa simu. Mteja analipa, mfumo wa kampuni ya simu unatuma taarifa kwenye seva yake kwamba pesa imeingia. Seva yake ikipokea ile taarifa inaandika malipo kwenye hifadhidata, inatengeneza risiti, inamtumia mteja ujumbe, ndipo inajibu kwamba imepokea. Siku moja mtandao umelemewa, jibu likachelewa. Upande wa pili, kwa kutopata jibu, ukatuma taarifa ile ile tena. Seva ikaiandika tena. Jioni mahesabu ya duka hayalingani.

Mtu huyu asianze kwa kusema, "Naitwa fulani, nimesoma chuo fulani, nashukuru kwa nafasi hii, leo nitazungumzia mifumo ya malipo barani Afrika." Dakika imekwisha. Mshereheshaji ameshamtambulisha. Aanze hivi: "Mteja alilipa mara moja, sisi tukaandika malipo mawili." Ukumbi mzima umeinua vichwa, kwa sababu nusu yao wana mfumo kama huo na hawajui kama nao wana shimo hilo. Slaidi ya kwanza ionyeshe mistari miwili ya jedwali: namba ya muamala ile ile, kiasi kile kile, muda umepishana kwa sekunde chache. Asiseme mengi, awaachie waione. Slaidi ya pili ieleze safari ya ile taarifa na pale jibu lilipochelewa. Hapo ndipo atumie muda mrefu zaidi, labda dakika mbili, kwa sababu sababu ndiyo watu watakayoondoka nayo. Slaidi ya tatu ionyeshe dawa: safu ya namba ya muamala imewekewa sharti la kutorudiwa, hivyo hifadhidata yenyewe inakataa mstari wa pili; na seva sasa inaandika taarifa, inajibu hapo hapo, kisha risiti na ujumbe vinafanywa baadaye. Akimaliza aseme jambo moja ambalo bado linamsumbua, kwa mfano afanye nini taarifa isipofika kabisa. Hilo litamletea watu wakati wa mapumziko.

Ona alichokiacha. Hakueleza historia ya malipo kwa simu, hakuonyesha faili nzima ya programu, hakutaja lugha aliyotumia ila ilipolazimu. Ukimsaidia mtu kuandaa mada yake, kazi yako kubwa ni kumwuliza, "Hiki kikiondoka, kuna atakayepotea?" Kama hakuna, kiondoke.

Jambo moja msilicheze nalo: taarifa za wateja. Mtu anapochukua picha ya skrini ya mfumo halisi, zimo namba za simu, majina, pengine na funguo za siri za kuingilia mifumo ya watu wengine. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria hiyo, mteja hakukupa namba yake uibandike ukutani. Kila slaidi ikaguliwe siku moja kabla, na data iwe ya kubuni. Funguo ikionekana hata kwa sekunde chache, ibadilishwe siku hiyo hiyo, maana ukumbini kila mtu ana kamera mfukoni.

Siku ya mkutano, adui wa dakika tano ni laptopu. Mada sita, kila mtu na mashine yake, huyu hana adapta, yule skrini yake haitambuliwi na projekta, na nusu saa imepotea bila mtu kusema lolote. Kusanyeni slaidi zote kwa PDF jioni ya Ijumaa, ziwe kwenye laptopu moja, kwa mpangilio wa wazungumzaji. Anayetaka kuonyesha programu ikifanya kazi arekodi video fupi ya skrini badala ya kutegemea intaneti ya ukumbi. Maandishi ya msimbo yawe makubwa kiasi cha kusomeka kutoka kiti cha mwisho, na yawe meusi juu ya nyeupe, kwa sababu kumbi zetu zina madirisha mapana na jua la saa tano asubuhi halina huruma na skrini ya rangi nyeusi. Umeme ukikatika, endeleeni. Mada ya dakika tano iliyoandaliwa vizuri inaelezeka kwa mdomo na ubao.

Muda ulindwe na mtu mmoja anayekaa mstari wa mbele, asiye mshereheshaji, akiwa na karatasi mbili zilizoandikwa kwa kalamu nene: "2" na "1". Dakika tano zikifika anaanza kupiga makofi, na ukumbi mzima unampokea. Makofi ni mazuri kuliko kengele, kwa sababu anayekatizwa anaondoka akiwa anashangiliwa. Waelezeni watu mwanzoni, mfanye na jaribio moja ili kila mtu ajue. Kisha utaratibu huo umguse kila mtu. Mara ya kwanza atakapopitiliza mhadhiri au meneja, na mkamwacha, vijana wote wameshajua kwamba dakika tano ni za wanyonge. Siku hiyo utaratibu umekufa. Lakini yule mwenye cheo akipigiwa makofi katikati ya sentensi, akacheka na kuketi, mmewapa wengine moyo kuliko hotuba yoyote ya kuwatia moyo.

Hapa nigusie mgeni rasmi. Tunapenda mikutano yenye itifaki: mwenyekiti amkaribishe katibu, katibu amkaribishe mkuu wa idara, mkuu wa idara amkaribishe mgeni, na kila mmoja aseme machache. Kwa harusi na mahafali ni sawa. Kwa mkutano wa madevelopa wa saa chache, itifaki hiyo inakula mada nne. Mkiwa na mgeni mnayemheshimu, mpeni heshima ya kuwa mmoja wa wazungumzaji, dakika tano kama wenzake, aeleze kitu anachokijua kwa mikono yake. Mdhamini vivyo hivyo. Anayelipia soda na maandazi ana haki ya kutambuliwa na kushukuriwa. Akitaka nusu saa ya kunadi bidhaa, mwambieni kwa adabu kwamba mna dakika tano, na kwamba akimleta fundi wake badala ya mtu wa masoko, watu watamsikiliza vizuri zaidi.

Baada ya kila mada msiruhusu maswali. Najua hili litawashangaza. Maswali ndiyo yanayovuruga ratiba, na mara nyingi anayenyanyua mkono wa kwanza hana swali, ana hotuba yake fupi inayomfanya mzungumzaji mgeni ajione hajui kitu. Maswali yapelekeni kwenye mapumziko, na mapumziko yawe marefu, dakika 40 au zaidi, katikati au mwishoni.

Kuna kundi moja la zamani la wapenda kompyuta lililoelewa jambo hili mapema. Homebrew Computer Club lilikutana mara ya kwanza Machi 5, 1975, kwenye gereji ya Gordon French, Menlo Park, California. Baadaye lilipokua, Lee Felsenstein aliyeongoza mikutano yake aliigawa sehemu mbili. Kwanza watu walisimama mmoja mmoja kwa ufupi sana, wakasema wana nini, wanatafuta nini, wamesikia nini. Kisha ukumbi ukafunguliwa, kila mtu akamfuata yule aliyemsikia. Steve Wozniak, aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, alikuwa mwanachama. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa na haya kiasi kwamba hakuweza kunyanyua mkono na kuzungumza mkutanoni. Alichofanya ni kuweka mezani kompyuta aliyokuwa akiitengeneza, ile iliyokuja kuwa Apple I, na watu wakamzunguka na kumwuliza. Alikuwa akigawa hata michoro yake bure.

Kwa hiyo na ninyi wekeni meza mbili tatu pembeni kwa wasiotaka kusimama mbele. Mtu alete alichotengeneza, akiweke hapo, aliyevutiwa atamfuata. Na kabla ya mada, au baada yake, zungukeni ukumbi kwa sekunde 20 kila mtu: naitwa nani, najenga nini, natafuta nini. Wapo watakaopata kazi kutokana na duru hiyo pekee. Mwingine atampata mwenzake wa mradi.

Saa ya mkutano nayo ichunguzeni. Mkianza saa kumi jioni mkamaliza saa mbili usiku, wanawake wengi hawatakuja, au wataondoka kabla ya mapumziko, ambayo ndiyo sehemu yenye faida kubwa. Jumamosi saa nne asubuhi hadi saa saba mchana inawafaa wengi. Na msiishie kwenye saa: wanawake nao wapigiwe simu kama nilivyokueleza hapo juu, wapewe jambo mahususi la kueleza katika kazi zao, si mada ya "mwanamke katika teknolojia" kila mwaka.

Faida ya dakika tano haiishii Mwanza. Mikutano mikubwa inachagua wazungumzaji kwa muhtasari wanaoutuma, na mtu ambaye ameshaeleza jambo lake mbele ya wenzake anaandika muhtasari ulio hai kuliko anayebuni tu. Na mikutano yenyewe imeanza kutusogelea. PyCon Africa ya kwanza, mkutano wa watumiaji wa Python, ilifanyika Accra, Agosti 2019, na DjangoCon Africa ya kwanza, ya watumiaji wa Django (nyenzo ya kujengea tovuti kwa Python), ilifanyika hapa hapa kwetu, Zanzibar, Novemba 2023. Mwenye mada iliyopokelewa vizuri aipanue iwe ya dakika 20, aijaribu kwenye kundi lenu kwanza. Kila mkutano unaweza kuwa na mada moja ya namna hiyo mwishoni, baada ya zile fupi. Mada ndefu sizipingi. Ninachosema ni kwamba mtu azifikie hatua kwa hatua, na ukumbi uwe umeshamfahamu.

Sasa hao watatu wako. Usiwatangazie kwenye kundi, na usiwape taarifa kama uamuzi uliokwisha kupita. Waite pamoja, mnywe chai, uwaambie ukweli: wamelibeba kundi, wamechoka, na kundi halina warithi. Kisha waombe wafanye kazi ambayo wao tu wanaiweza. Kila mmoja achukue watu wawili wanaozungumza mwezi ujao, akae nao kwa saa moja katikati ya wiki, awasikilize wakieleza, awapunguzie slaidi, awaulize maswali ambayo ukumbi ungeuliza. Mmoja wao, mwenye sauti na mzaha, awe mshereheshaji. Mwingine ashike zile karatasi za muda, na afadhali awe yule ambaye mada zake ndizo zilizokuwa ndefu kuliko zote, kwa sababu akiwa yeye ndiye mlinzi, hakuna atakayedai kwamba sheria ya dakika tano imewekwa kumlenga mtu. Wakitaka kuzungumza, nafasi ipo kama ya kila mtu. Waanze wao kwenye mkutano wa kwanza, dakika tano tano, ili wanaoketi nyuma waone inavyofanyika.